Ekadashi Hataki Vitunguu

Majuzi nilikuwa Thika kwa daktari wa macho, kwenye foleni isiyosonga, na mama mmoja wa Kihindi aliyeketi kando yangu akafungua kopo lake la chakula. Vilikuwa viazi vilivyokatwa vipande vidogo vikachanganywa na karanga za kupondwa, dhania, limau na jira iliyokaangwa kwenye samli. Harufu ya jira ndiyo iliyonifikia kwanza. Nikachungulia, kwa adabu ndogo niliyobaki nayo, nikaona hakuna kitunguu hata kimoja, na mdomo wangu ukatangulia akili. "Leo ni Ekadashi," nikasema. Yule mama akasimamisha kijiko hewani. Aliniangalia uso, akaangalia leso yangu ya chama cha akina mama wa kanisa, akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia ni hadithi ndefu. Akasema foleni pia ni ndefu. Nilimsimulia nusu tu kabla jina langu halijaitwa, na nusu iliyobaki haijaniacha tangu siku hiyo.

Mama yangu alikuwa muuza mboga asiyekuwa na kibanda. Tuliishi Kiuu, kule Ruiru, chumba kimoja, mimi na yeye, kwa sababu baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kila alfajiri alienda Thika, akanunua vitu sokoni, akavipeleka nyumba kwa nyumba akiwa na kikapu kichwani. Nyumba zilikuwa tisa, zote za Wahindi. Wauza mboga wengine walikuwepo, na wengine walikuwa na maneno matamu kuliko yake, lakini nyumba zile tisa zilimng'ang'ania mama kwa sababu moja: alijua siku zao.

Siku zao hufuata mwezi wa angani. Siku ya kumi na moja tangu mwezi uandame, na tena ya kumi na moja tangu uanze kupungua, watu wa nyumba zile walifunga. Si kufunga kwa kukaa njaa kutwa, ingawa wengine walifanya hivyo. Waliacha wali, chapati, dengu na maharagwe, na vitunguu havikuingia jikoni kabisa. Wakala viazi, nduma, muhogo, malenge, ndizi, karanga na maziwa. Kando ya siku hizo mbili kulikuwa na nyingine za mwezi mpevu, za mungu huyu na yule, za wanawake kuwaombea waume zao, na msimu mwingine zilifuatana mpaka nikajiuliza kama watu hawa hupata nafasi ya kula. Muuza mboga aliyefika na vitunguu siku ya kumi na moja alirudi navyo. Mama alifika na nduma.

Alijuaje? Kulikuwa na kalenda. Kila mwaka, karibu na Diwali, sikukuu yao ya taa, mteja wake mkubwa alimpa kalenda mpya yenye picha ya mungu wa kike aliyesimama juu ya ua la rangi ya waridi, na ndani ya kila tarehe kulikuwa na maandishi madogo mekundu. Mama aliitundika ukutani kando ya kalenda ya kanisa yenye mistari ya Biblia. Siku moja mke wa mchungaji alikuja kututembelea, akamtazama yule mungu wa kike kwa muda mrefu huku chai ikipoa mkononi. "Ni ya kazi," mama akamwambia, kama vile mtu anavyosema kuhusu viatu vyake vya gambuti. Hatukuulizwa tena.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia mama wa foleni. Mama yangu hakujua kusoma. Huko kwao Bungoma yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba, akabaki nyumbani kulea wadogo zake wakienda shule. Kanisani alifungua kitabu cha nyimbo kama kila mtu na kuimba kila ubeti bila kukosea, na hakuna aliyejua kwamba yote yalikuwa kichwani. Wateja wake walimwandikia vikaratasi vya vitu wanavyotaka, naye akavipokea, akatikisa kichwa na kusema sawa. Mimi ndiye niliyevisoma tukiwa nje ya geti. Nilikuwa macho yake, na kazi hiyo niliipenda kuliko kitu chochote duniani.

"Nekesa," aliniambia jioni, "hebu angalia kalenda. Ekadashi ni lini?"

"Alhamisi, mama."

"Haya. Hiyo siku vitunguu tusiguse. Ekadashi hataki vitunguu."

Kwa kuwa alisema hivyo, niliamini Ekadashi ni mtu. Nilimjenga kichwani: mwanamume mrefu, mkali, tumbo lake bovu, anayezuru nyumba zote tisa kwa siku moja mara mbili kwa mwezi, na akinusa maharagwe anakasirika. Nilimhurumia kidogo kwa sababu ya tumbo. Wahindi wa nyumba zile waliacha viatu nje ya mlango, na kila tulipofika siku ya Ekadashi nilivikagua viatu hivyo kimoja kimoja nikitafuta vyake. Niliamua anavaa viatu vyeusi vya kamba. Sikumwuliza mama, maana niliona ni jambo ambalo mtu wa kazi yangu alipaswa kuwa analijua.

Siku hizo za Ekadashi na za sikukuu mama alinichukua twende naye. Nduma na nazi ni mzigo, na vikaratasi vilikuwa vingi. Kwa hiyo siku hizo sikwenda shule, wala sikulalamika. Shuleni kulikuwa na hesabu za kugawanya. Kwa Ba kulikuwa na sahani ya viazi vya jira.

Ba ndiye aliyekuwa mteja wetu mkubwa, yule wa kalenda. Ba maana yake ni mama au nyanya kwa lugha yao, na kila mtu alimwita hivyo. Alikuwa mjane mwembamba wa sari nyeupe, mwenye sauti ya kuamrisha, na kila nduma tuliyompelekea aliibonyeza kwa kidole gumba kama daktari. Akiridhika hakusema kitu. Mama alikuwa akiniambia kwamba Ba asiposema kitu ujue umebarikiwa.

Nilikuwa darasa la tatu mwalimu wangu aliponipa barua nimpelekee mama. Niliifungua nikiwa njiani, chini ya ukuta wa posho mill, pale pa kusagia mahindi. Ilisema nimekosa shule siku nyingi mno, kwamba siwezi kuendelea hivyo, na nikikosa tena nitarudia darasa. Nilipofika nyumbani mama aliona bahasha, akafuta mikono, akakaa kitandani na kusema, "Nisomee."

Nikamsomea. "Mama Nekesa, mtoto wako ni mwerevu sana. Anasoma kuliko wenzake wote darasani. Endelea kumlea hivyo." Hiyo ya mwisho niliiongeza kwa utamu tu.

Mama akaniomba nisome tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu, kwa kuwa ilibidi nikumbuke nilichosema mara ya kwanza. Kisha akaichukua karatasi, akaikunja mpaka ikawa ndogo na kuifunga kwenye pindo la leso yake. Usiku huo alikula akitabasamu. Mimi sikumaliza ugali wangu, na niliogopa barua ile kuanzia siku hiyo, lakini sikuogopa kiasi cha kusema ukweli. Niliona nikisema, nitarudishwa kwenye hesabu za kugawanya na mama atabaki bila macho.

Haikupita muda Ba akatuita jikoni. Mjukuu wake alikuwa ameugua sana akapona, na Ba alikuwa ameweka nadhiri. Sasa alitaka kuitimiza kwa ibada ya Mungu ambaye wao humwita wa Ukweli, ibada inayofanywa siku ya mwezi mpevu. Kwenye pembe nne za kimeza cha ibada husimamishwa migomba michanga.

"Mama Nekesa, letea mimi ndizi mtoto nne," Ba akasema. "Na majani yake. Siku ya Poonam. Mwezi najaa yote. Hapana sahau."

"Siwezi kusahau, Ba," mama akasema.

Jioni nikapanda kwenye kitanda kuangalia kalenda. Neno Poonam sikuliona popote, ila ukurasa wa mwezi ule ulikuwa na miduara miwili. Mmoja ulikuwa mweusi, umejaa wino hadi ukingoni. Mwingine ulikuwa mweupe, mtupu, mstari tu. Nilijiuliza ni upi uliojaa, na jibu likaja hapo hapo. Nikamwambia mama ni Jumanne. Ilikuwa ile miezi ya baridi ambapo mawingu hukaa juu ya Ruiru wiki nzima kama kifuniko cha sufuria, na mama hakuwa ameuona mwezi kwa siku nyingi. Aliniamini, kama siku zote.

Migomba tuliipata kwa jirani yetu, bibi kizee wa Kikuyu tuliyemwita cucu, aliyekuwa na shamba dogo nyuma ya ploti yetu ya nyumba za kupanga. Alitusimamia tukichimba, mikono kiunoni. "Msinikatie. Ng'oeni na mizizi, hiyo kitu ina uhai," akasema. "Kwani kuna mkubwa anakuja? Mnamtengenezea geti?"

Mama akacheka. Mimi sikucheka. Nilishaona mageti ya migomba yakisimamishwa mkubwa wa serikali akija shuleni, na nikaelewa kila kitu: Ekadashi alikuwa anakuja mwenyewe, na safari hii tungemwona. Jumanne nilivaa gauni la kanisa.

Tulifika kwa Ba tukiwa na migomba minne mabegani, matone ya maji yakitutiririkia shingoni. Ba alifungua mlango wa jikoni, akaiangalia migomba, akamwangalia mama, kisha gauni langu.

"Mama Nekesa, hii ya nini?"

"Ya Poonam, Ba."

"Leo Amas," Ba akasema polepole. "Leo mwezi hapana. Poonam bado siku kumi na tano."

Mama akaweka migomba chini. "Basi nimesoma vibaya," akasema.

Ukutani jikoni kulikuwa na kalenda kama yetu. Ba akaielekeza kwa kidevu. "Wapi nasoma? Onyesha mimi." Hakuwa na ubaya, alitaka tu kujua. Mama akainua kidole. Kikapita juu ya tarehe, kikashuka, kikapanda, kikakosa mahali pa kukaa. Kisha mama akageuka kuniangalia, na Ba akaona.

"Ni mimi nimesoma, Ba," nikasema. "Nimeona hii nyeusi ndiyo imejaa."

Hetal, mke wa mwana wa Ba, alikuwa akikoroga maziwa jikoni. Alicheka, halafu akarudia maziwa yake alipoona anacheka peke yake.

"Mama Nekesa," Ba akauliza, "wewe hapana jua kusoma?"

"Sijui, Ba."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu yeyote. Alisema akiwa amesimama wima, mikono imejaa udongo.

"Miaka yote mimi napa wewe kalenda."

"Ndiyo, Ba. Asante kwa kalenda."

Nilitaka sakafu inimeze. Na nadhani mama naye alitaka kitu cha kushikilia, chochote cha kumwinua kutoka pale, kwa maana alifungua pindo la leso. "Lakini huyu anajua," akasema. "Leo amekosea tu. Hata mwalimu wake ameandika kwamba anasoma kuliko wote, angalia." Akampa Ba ile barua.

Ba aliipokea, akaigeuza huku na huku, akampa Hetal. "Soma." Hetal akakunjua, akasoma kimya, nyusi zikapanda. "Lakini Ba, hapa..." akaanza, akaniangalia, akahamia Kigujarati. Alizungumza muda mrefu. Ba alimsikiliza bila kuniondolea macho hata mara moja. Mama alisimama akitabasamu, akimtazama mmoja kisha mwingine, kama mtu anayesubiri mgeni aonje chakula alichopika. Mimi nilikuwa bado nimeshikilia mgomba mmoja.

"Anasema nini, Ba?" mama akauliza.

Ba akaichukua barua, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile, akamrudishia.

"Barua mzuri," akasema. "Mwalimu nasema huyu mtoto nasoma kushinda wote."

Hetal akafungua mdomo. Ba akamwangalia, ukafungwa.

"Leo siku gani?" Ba akauliza.

"Jumanne," mama akajibu.

"Mtoto nasoma hivi, nafanya nini kwa nyumba yangu Jumanne?"

Mama akaniangalia, mimi na gauni langu la kanisa.

"Kutoka leo huyu hapana kuja siku ya shule," Ba akasema. "Karatasi ya watu, Hetal nasomea wewe."

"Na kalenda, Ba? Huyu akikosea tena je?"

"Mimi pia hapana jua kusoma," Ba akasema. "Mzee yangu alikuwa nasoma. Yeye nakufa, mimi nasoma hii." Akainua mkono wake wa kushoto. Akamkalisha mama kwenye stuli, udongo na yote, akamwonyesha. Kila kidole kina vyumba vitatu, hata gumba ukihesabu shina lake. Vidole vitano, vyumba kumi na tano. Unaanza siku inayofuata baada ya mwezi kufa, kwenye shina la gumba, unapanda, unahamia kidole kinachofuata. Ukifika ncha ya kidole cha mwisho, mwezi umejaa. Halafu unaanza upya mpaka mwezi ufe tena. "Saa nyingine naruka siku moja," Ba akasema. "Hiyo mimi nitaambia wewe." Mama alihesabu kwa gumba la mkono wa kulia, midomo ikisogea, akakosea, akarudia.

"Na Ekadashi?" nikauliza kwa sauti ndogo. "Leo haji?"

Walinigeukia wote watatu. Nikaeleza, kwa shida, kuhusu tumbo na viatu vya kamba. Ba alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaushika mkono wangu, akabonyeza chumba cha katikati cha kidole cha pete. "Ekadashi hapana mtu," akasema. "Ni kumi na moja. Ni hapa." Migomba akaamuru ipandwe kwenye ndoo za udongo nyuma ya nyumba, ingoje siku yake.

Siku kumi na tano baadaye migomba mitatu ilikuwa hai, na mama akaleta wa nne. Safari hii alijua siku mwenyewe. Ibada ilikuwa jioni, nami nilikuja baada ya shule, nikiwa na yunifomu. Kulikuwa na kengele ndogo, moshi wa ubani, watu wa zile nyumba tisa wamekaa chini, na mama yangu akakalishwa miongoni mwao. Baadaye Ba aliniita kando jikoni, akaniwekea kiganjani halua ya moto ya semolina. Akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu.

"Mimi nasema uongo moja kwa mama yako," akanong'ona. "Mimi naweka nadhiri kwa Mungu ya Ukweli, halafu nasema uongo. Kwa sababu yako. Sasa wewe fanya iwe kweli."

Nikasema ndiyo, Ba. Halua ilikuwa inanichoma, na sikuthubutu kuhamisha mkono.

Nisiwadanganye, sikumshukuru. Nilimchukia miezi kadhaa. Niliona nimefutwa kazi. Nilisikia mama akiamka alfajiri, akisimama mlangoni na gumba likitembea juu ya vidole, kisha anatoka bila kuniamsha, nami nikajifunika blanketi kichwani na kulia. Niliamini ameacha kunitaka kwa sababu ya duara moja jeusi. Lakini shule nilienda, kila siku, mvua na baridi, kwa sababu kulikuwa na mtu kule Thika aliyejua nilichofanya na aliyenyamaza.

Leo ndio najua ukubwa wa kitu alichonipa. Angeweza kusema ukweli, na ungekuwa ukweli halali, na mama angeanguka mara mbili siku moja, mbele ya wateja wake, na mara ya pili kwa mkono wangu. Alimwachia mama heshima yake na akaniachia mimi kazi ya kufanya. Ba amefariki miaka mingi sasa. Mama yuko Bungoma, bado anahesabu mwezi kwa vidole ingawa hana tena wa kumpelekea nduma, na siku ya kumi na moja hujikuta hajaweka kitunguu kwenye mboga. Nawashukuru wote wawili, na nashukuru kwamba nilikuwa mtoto wa chumba kile chenye kalenda mbili.

Mwisho wa mwaka ule nilileta ripoti. Mama akafuta mikono, akakaa kitandani. "Nisomee," akasema. Nikamwambia hapana, aipeleke kwa Ba, Hetal amsomee. Alishangaa, lakini aliibeba, na kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa nikafuatana naye. Tulimkuta Ba jikoni na lundo la nduma mbele yake. Hetal alisoma kwa sauti, neno kwa neno, bila kuhamia lugha nyingine: Nekesa hakosi shule, Nekesa amejitahidi, Nekesa anasoma kuliko wenzake wote darasani.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja uso kidogo.

"Lakini Ba," akasema, "si haya ndiyo mwalimu aliandika ile mara ya kwanza?"

Ba alibonyeza nduma moja kwa kidole gumba, akaiweka upande wa nzuri.

"Ndiyo, Mama Nekesa," akasema. "Ni ile ile."